Mwongozo Kamili wa Upozaji wa Pamoja: Jinsi Majengo ya Dar es Salaam Yanavyoweza Kugawana Ubaridi kwa Bomba

Adhuhuri ya Februari, katika Mtaa wa Samora au Ohio pale Posta, kuta za nyuma za majengo zimejaa masanduku ya viyoyozi, na kila sanduku linatoa hewa moto kwenye uchochoro uleule ambao sanduku la jirani linautegemea kutupia joto lake. Kompresa huhangaika, uniti za umeme huisha upesi, na chumba hubaki na fukuto. Tumezoea kuliona jambo hili kuwa shida ya kila mwenye ofisi au nyumba peke yake, ilhali ni shida ya mtaa mzima, na inaweza kutatuliwa na mtaa mzima.

Upozaji wa pamoja ni mfumo ambao mtambo mmoja hupoza maji hadi nyuzi 6 au 7 za Selsiasi, yakasukumwa kwa bomba lililohamiwa (yaani lililovishwa kihami joto) hadi kwenye majengo kadhaa, yakachukua joto la vyumba na kurudi mtamboni yakiwa na nyuzi 14 au 15 ili yapozwe tena. Maji hayo hayatumiki wala hayamwagwi. Huzunguka yaleyale miaka nenda miaka rudi. Miji ya nchi za baridi ilianza na joto: mwaka 1877 Birdsill Holly alisambaza mvuke kwa mabomba mjini Lockport, Marekani, na utaratibu wa kugawana joto ukaenea. Leo Paris, Stockholm, Singapore na Dubai zina mitandao mikubwa ya maji baridi, na hiyo ndiyo inayotuhusu sisi, kwa kuwa hakuna mkazi wa Dar es Salaam anayehitaji kupashiwa chumba moto.

Mwongozo huu umeandikwa kwa wenye majengo, wasimamizi wa hospitali na vyuo, kamati za wakazi wa maghorofa na maofisa wa mipango miji. Unafuata mpangilio wa kazi yenyewe. Ninaomba mpangilio huo uheshimiwe, kwa sababu kosa linaloharibu miradi ya aina hii ni kununua mtambo kwanza na kutafuta wateja baadaye.

Hatua ya kwanza: kuchagua mahali

Bomba lililohamiwa na kufukiwa ardhini ni ghali, na kila mita isiyo na jengo la kuhudumia ni hasara ya kudumu. Majengo yawe karibu, ndani ya mita mia chache kutoka mtamboni, na yawe na matumizi makubwa ya ubaridi kwa mwaka mzima. Nyumba za Masaki au Mbezi Beach, kila moja ndani ya uzio wake na bustani yake, hazifai kwa mfumo huu hata kama wenye nyumba wana uwezo; hao watafaidika zaidi kwa kiyoyozi bora cha inverta na kivuli cha kutosha.

Kariakoo inavutia kwa msongamano wake, lakini nisingeshauri mtu yeyote aanzie hapo. Wamiliki ni wengi, maduka ni madogo, njia ni finyu, na kuchimba mtaro katika mitaa ile ni kusimamisha biashara za watu wengi. Mahali pazuri pa kuanzia ni eneo lenye mmiliki mmoja na majengo mengi: hospitali kubwa yenye umbo kama la Muhimbili, kampasi kama ya Chuo Kikuu pale Mlimani, au mradi mpya wa makazi na biashara wa aina ambayo Shirika la Nyumba la Taifa limeijenga hapa jijini, Kawe na Morocco. Nayataja maeneo hayo kwa sababu ya mpangilio wake tu: uamuzi hufanywa na bodi moja, na mitaro inaweza kupita ndani ya ardhi ya mwenyewe bila kugusa barabara ya umma.

Mchanganyiko wa watumiaji una thamani kubwa. Ofisi huhitaji ubaridi zaidi mchana, makazi kuanzia jioni, hoteli usiku, na hospitali saa zote 24. Majengo yakiwa ya aina moja tupu, yote yatadai ubaridi kwa saa ileile na mtambo utakaa bure muda uliobaki.

Hatua ya pili: kupunguza joto kabla ya kununua ubaridi

Hatua hii ni fupi kuieleza, na ndiyo yenye faida ya haraka kuliko zote. Dar es Salaam iko takribani nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupiga karibu wima juu ya paa, na asubuhi na alasiri hupiga kuta za mashariki na magharibi. Pakeni paa rangi nyeupe au muweke kihami joto chini yake, wekeni vivuli nje ya madirisha ya pande hizo mbili, zibeni nyufa za milango na madirisha, badilisheni taa za zamani. Pazia la ndani halitoshi, kwa sababu joto huwa limeshavuka kioo. Kila kilowati ya joto inayozuiwa hapa haitahitaji bomba, pampu wala kompresa.

Hatua ya tatu: kupima mahitaji halisi

Sokoni viyoyozi huuzwa kwa BTU, na kiyoyozi cha BTU 12,000 ni sawa na kilowati 3.5 za ubaridi, ambazo mafundi pia huziita tani moja. Kosa la kawaida ni kuzunguka jengo, kujumlisha BTU zote zilizoandikwa kwenye vibandiko na kuagiza mtambo wa ukubwa huo. Viyoyozi vingi vilinunuliwa kwa kubahatisha, na havifanyi kazi vyote kwa wakati mmoja. Mtambo mkubwa kupita kiasi hula mtaji, na unapofanya kazi kwa sehemu ndogo ya uwezo wake hupoteza ufanisi.

Fungeni mita za kurekodi umeme kwenye njia za viyoyozi, zirekodi kila baada ya dakika 15, na kipimo kihusishe miezi ya joto kali, yaani Desemba hadi Machi. Linganisheni na matumizi ya Julai, na tofauti itaonyesha ni kiasi gani cha umeme kinatokana na hali ya hewa. Pimeni pia unyevu wa ndani. Jijini kwetu sehemu kubwa ya kazi ya kiyoyozi, mara nyingi karibu theluthi moja, ni kukausha hewa, na mhandisi anayekadiria kwa joto peke yake atawaachia vyumba vyenye baridi na ukungu wa ukutani.

Chukueni mfano wa kubuni wa eneo moja la Upanga. Ofisi ina kilele, yaani mahitaji ya juu kabisa, cha kilowati 600 za ubaridi, maghorofa ya makazi 500, hoteli 400 na kituo cha afya 300. Jumla ni 1,800. Kwa kuwa vilele hivyo havigongani, kilele cha pamoja kinaweza kuwa 1,350, yaani robo tatu ya jumla. Pungufu hiyo ya kilowati 450 ni sawa na viyoyozi 128 vya BTU 12,000 ambavyo havitanunuliwa na mtu yeyote. Hapo ndipo faida ya kugawana inapoanza.

Hatua ya nne: kuamua joto litatupwa wapi

Mtambo wa kupoza maji, ambao mafundi huuita chila, hauumbi baridi. Unahamisha joto kutoka ndani na kulitupa nje. Mahali pa kulitupia ndipo panapoamua gharama ya umeme ya mfumo mzima, kwa hiyo hatua hii inastahili muda mrefu kuliko nyingine.

Njia ya kwanza ni hewa, kwa chila yenye feni kubwa juu ya paa. Haihitaji maji na ni rahisi kutunza, lakini kwa kila uniti moja (kilowati-saa moja) ya umeme hutoa takribani uniti 3 za ubaridi, na hilo halizidi sana kiyoyozi kizuri cha ukutani. Njia ya pili ni mnara wa kupozea, ambamo maji hunyunyizwa, sehemu yake hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Chila kubwa za aina hii hutoa uniti 5 hadi 6 za ubaridi kwa uniti moja ya umeme. Ukijumlisha pampu na feni, mfumo mzima hubaki na takribani 4.5.

Gharama yake ni maji. Kila kilowati-saa ya ubaridi huhitaji takribani lita 2.3 za maji ya kujazia. Kwa mfano wetu wa Upanga, tukichukulia kilowati-saa 12,000 za ubaridi kwa siku, hizo ni lita 28,000 kila siku. Wakazi wa jiji hili hawajasahau Oktoba 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ikalazimika kutoa maji kwa mgawo. Mradi unaotegemea maji ya kunywa ya jiji ili kupoza ofisi utakuwa unashindana na ndoo za majirani, na sioni namna ya kuuhalalisha ushindani huo wakati wa ukame.

Vipo vyanzo vingine. Matone yanayotiririka kutoka kwenye viyoyozi, ambayo leo yanalowesha vichwa vya wapita njia, ni maji laini yasiyo na chumvi. Katika mfano wetu yangefika takribani lita 5,000 kwa siku, karibu sehemu moja kati ya tano ya mahitaji. Yakusanyeni kwa bomba hadi kwenye mnara. Ongezeni maji ya mvua ya masika na vuli, na maji taka yaliyosafishwa ipasavyo pale yanapopatikana. Visima virefu vinahitaji tahadhari, kwa kuwa kuvuta maji mengi chini ya ardhi karibu na pwani huyaita maji ya chumvi ya bahari, na kisima kikishaingia chumvi mtaa mzima hupata hasara.

Wengi huuliza kuhusu bahari, na wana haki ya kuuliza. Toronto, tangu mwaka 2004, hutumia maji ya Ziwa Ontario yenye nyuzi 4 yanayochotwa kwenye kina cha mita 83, na hoteli kadhaa za visiwa vya Polinesia ya Ufaransa hutumia maji ya kina kirefu cha bahari kupoza vyumba bila kompresa. Sisi hatuna bahati hiyo karibu na ufuo. Mlango wa Zanzibar una kina kifupi, na maji ya juu yana nyuzi 25 hadi 29 kutegemea msimu, kwa hiyo hayawezi kupoza chumba moja kwa moja. Yanaweza kuchukua nafasi ya mnara, yaani kupokea joto la chila, na hivyo kuokoa maji yote yale ya bomba la DAWASA. Kwa majengo yaliyo ufuoni hilo ni wazo la kuchunguzwa kwa dhati, mradi vibadilisha joto (vifaa vinavyopitisha joto kati ya maji mawili bila kuyachanganya) viwe vya titani, kuwe na utaratibu wa kuondoa kome na mwani wanaoziba mabomba, na maji yanayorudishwa baharini yasizidi joto ambalo mikoko na mazalia ya samaki yanaweza kulivumilia.

Mnapochagua chila, ulizeni gesi iliyomo. Nchi za dunia zilikubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za friji na viyoyozi zinazopasha dunia joto, na gesi kama R410A, ambayo kilo yake moja ina nguvu ya kilo 2,088 za hewa ukaa, inazidi kuachwa. Chila itakayodumu miaka 20 isinunuliwe na gesi ambayo itakuwa adimu baada ya miaka michache.

Hatua ya tano: tangi la ubaridi, umeme na jua

Mita moja ya ujazo ya maji, ikiwa na tofauti ya nyuzi 8 kati ya kwenda na kurudi, huhifadhi kilowati-saa 9.3 za ubaridi. Kwa upotevu wa kawaida hesabuni 8.4. Tangi la mita za ujazo 125, refu na lililohamiwa vizuri, linahifadhi zaidi ya kilowati-saa 1,000. Kwa eneo letu la mfano, tangi hilo hufidia kilowati 350 kwa saa 3 za kilele, na hivyo chila zinazohitajika zinapungua kutoka kilowati 1,350 hadi 1,000: mbili za 500 zinazofanya kazi, na ya tatu ya akiba. Ya akiba isiondolewe kwenye bajeti. Kiyoyozi kimoja kikiharibika anaumia mtu mmoja, lakini mtambo wa pamoja ukisimama linaumia jengo la upasuaji.

Tangi lina faida ya pili kwenye ankara. Wateja wakubwa wa TANESCO, wa daraja la T2 na T3, hulipia uniti walizotumia na pia kilele cha mahitaji yao kwa kVA (kipimo cha ukubwa wa umeme unaovutwa kwa wakati mmoja) kila mwezi. Kupunguza kilele ni kupunguza malipo hayo. Faida ya tatu huonekana umeme unapokatika: jenereta ndogo inayoendesha pampu peke yake inaweza kuendelea kupeleka ubaridi uliohifadhiwa, badala ya jenereta kubwa ya kuwasha kompresa.

Jua ndilo nishati jadidifu iliyo karibu nasi zaidi. Paneli za kilowati 1 zinaweza kutoa takribani uniti 4 kwa siku jijini, na huchukua paa la mita 5 za mraba hivi. Kilowati 400 za paneli zingetoa takribani uniti 1,600 kwa siku. Eneo letu la mfano lingehitaji uniti 2,670 kwa siku kwa mfumo wa pamoja, wakati viyoyozi vya ukutani vyenye ufanisi wa 3 vingetumia 4,000. Umeme wa jua wa mchana upoze tangi moja kwa moja. Tangi la maji ni nafuu kuliko betri, halichakai upesi, na mafundi wetu wanalielewa. Umeme unaobaki utoke kwenye gridi, ambayo sasa ina Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115.

Hatua ya sita: mabomba

Kilowati 1,350 kwa tofauti ya nyuzi 8 huhitaji lita 40 za maji kwa sekunde, na bomba kuu la kipenyo cha milimita 200 linatosha. Tofauti ikishuka hadi nyuzi 5, mtiririko hupanda hadi lita 64, na nguvu ya pampu katika bomba lilelile huongezeka takribani mara nne. Mwandikieni mkandarasi tofauti ya nyuzi 8 kama sharti la mkataba.

Mabomba ya plastiki ya polietilini, yaleyale yanayotumika kwenye miradi ya maji, hayashikwi na kutu, na yanafaa sana pale maji ya ardhini yalipo karibu na uso, kama maeneo yanayopakana na Bonde la Msimbazi. Kihami cha povu kifunikwe kwa ganda lisilopenyeza maji kabisa, kwa maana hewa ya Dar es Salaam hugeuka matone kwenye kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 22 hivi, na povu likilowa halihami tena. Fanyeni jaribio la shinikizo kabla ya kufukia, na mchoro wa mahali bomba lilipopita uhifadhiwe na kila mmiliki. Barabara ya mtaa ikikatwa, kibali kitoke TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa.

Hatua ya saba: ndani ya majengo

Hapa ndipo ukweli mchungu ulipo. Kiyoyozi cha ukutani kilichopo hakiwezi kuunganishwa na maji baridi. Lazima kiondolewe na kuwekwa kifaa chenye feni na koili ya maji. Kwa jengo jipya hiyo si gharama ya ziada kubwa, lakini kwa jengo la zamani ni ukarabati wa dari, mabomba na mifereji ya matone. Njia ya busara ni kuunganisha majengo mapya kwanza, kisha kusubiri viyoyozi vya majengo ya zamani vichakae na kubadilisha ghorofa moja baada ya nyingine.

Kila jengo liwe na kibadilisha joto chake, ili maji ya mtandao yasichanganyike na maji ya jengo; bomba likipasuka kwa jirani, wengine wabaki salama. Valvu ziwe za aina inayofunga mtiririko chumba kinapofikia ubaridi uliowekwa. Valvu za kupitisha maji pembeni hurudisha maji baridi mtamboni bila kazi yoyote, na huiharibu ile tofauti ya nyuzi 8.

Hoteli na hospitali zinahitaji maji ya moto kwa kuogea na kufulia. Chila yenye sehemu ya kurejesha joto inaweza kuyapasha maji kwa joto ambalo lingetupwa hewani. Tangi la maji ya moto libaki na nyuzi 60, kwa sababu bakteria wa lejionela hustawi katika maji ya uvuguvugu; kwa sababu hiyohiyo, mnara wa kupozea usafishwe na kutiwa dawa kwa ratiba iliyoandikwa.

Hatua ya nane: mkataba na bei

Bei nzuri ina sehemu tatu: ada ya kuunganishwa, ada ya kila mwezi kwa uwezo uliotengewa jengo, na malipo ya ubaridi uliotumika kwa mita. Ada ya uwezo hulipa mkopo, na mita humfundisha mtumiaji kufunga dirisha. Bila mita kwa kila mpangaji, ghorofa moja italipia uzembe wa nyingine na ugomvi hautakwisha. Katika maghorofa ambayo kila mtu anamiliki sehemu yake chini ya sheria ya mwaka 2008 (Unit Titles Act), chama cha wamiliki ndicho kiwe mteja, na kikusanye malipo kwa wanachama. Mkataba utaje joto la maji yatakayofika, saa za juu kabisa za kukosa huduma, fidia, na namna bei itakavyobadilika bei ya umeme ikipanda. Wateja wenye angalau theluthi mbili ya mahitaji wasaini kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi.

Cheti cha mazingira huombwa kwenye taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, na kibali cha kutumia maji ya kisima hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Wahandisi wawe wamesajiliwa na bodi yao ya usajili, ERB, na wakandarasi na bodi yao, CRB.

Hatua ya tisa: kuwasha na kuendesha

Usafishaji wa mabomba kwa kusukuma maji kwa kasi hutangulia kila kitu, kwani mchanga na vipande vya plastiki vikifika kwenye kibadilisha joto huziba njia ambazo ni finyu mno. Baada ya hapo jaribuni mfumo kwa jengo moja, kisha mawili, mkirekodi joto la kwenda, joto la kurudi, mtiririko na umeme kila saa. Waajirini waendeshaji tangu wakati wa ujenzi, wawepo mabomba yakiungwa, ili wajue kila valvu ilipo. Chuo cha ufundi kama VETA kinaweza kuwaandalia vijana wa friji na viyoyozi msingi mzuri, lakini matibabu ya maji na usomaji wa kumbukumbu hujifunzwa mtamboni.

Kila Jumatatu msimamizi agawanye kilowati-saa za ubaridi zilizouzwa kwa uniti za umeme zilizotumika. Jibu likishuka chini ya 4 kwa wiki mbili mfululizo, atafute chanzo kwa mpangilio huu: joto la maji yanayorudi, uchafu wa mnara, valvu zilizokwama wazi, kisha gesi ya chila. Ombi la jengo jipya kuunganishwa lisijadiliwe mpaka kipimo hicho kiwe kimekaa sawa kwa msimu mmoja kamili wa joto.